Nairobi hadi Sikonge: siku kumi nikilifuata neno miombo

Nimerudi Nairobi wiki mbili sasa. Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari na picha za simu. Picha zimenisaidia kukumbuka tarehe, na stakabadhi za basi zimenisaidia kukumbuka bei.

Safari ilianzia kwenye sentensi. Kazi yangu ni kutafsiri na kuhariri vitabu vya shule, na mwezi wa Agosti nililetewa sura ya mazingira yenye mstari huu: "Miombo ni nyika kavu inayopatikana sehemu kama Kitui na Makueni." Ukurasa uliofuata ukasema: "Miombo huu hupukutisha majani wakati wa kiangazi." Niliisoma mara tatu. Kitui nimezaliwa mimi. Kule kuna migunga, mibuyu na miti ya jamii ya manemane yenye magome yanayobambuka kama karatasi. Na "miombo huu" ni sawa na kusema "miembe huu". Mwandishi alilichukua neno kwenye kitabu cha Kiingereza, ambako limezoeleka kama jina la aina ya msitu, akalirudisha kwetu likiwa limesahau kwamba lina umoja.

Kulirekebisha lilikuwa jambo la dakika tano. Lakini miombo yenyewe sikuwa nimeiona kamwe, na niliona haya kumfundisha mtoto wa darasa la saba jambo nililolijua kwa kusoma tu. Nikaamua kwenda kuiona Tabora na Sikonge, magharibi mwa Tanzania.

Kabla ya kuondoka, Nairobi

Nilianzia Museum Hill. Ndani ya uwanja wa Makumbusho ya Taifa kuna hazina ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa Amani, milima ya Usambara, mwaka 1902, kisha ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Ukiwa na swali la maana wanakupokea vizuri. Kijana mmoja wa pale alinifungulia jalada baada ya jalada, matawi yamebandikwa kwenye karatasi ngumu, majani yamegeuka rangi ya chai ya rangi.

Alinieleza hivi. Wanaikolojia wanaposema miombo wanamaanisha mapori ya miti ya koo tatu ambazo ni ndugu: Brachystegia, Julbernardia na Isoberlinia. Zote ni za ukoo mpana wa mikunde, huko huko kwenye maharage na mikwaju. Miti yake ni ya urefu wa wastani, vilele vinakaribiana bila kufunga kabisa, nyasi zinaota chini. Mvua ni za msimu mmoja kwa mwaka, kisha kiangazi cha miezi mitano hadi saba. Mapori hayo yanaanzia Tanzania, yanapita Kongo, Zambia, Malawi, Msumbiji na Zimbabwe, hadi Angola. Makadirio ya ukubwa wake hutofautiana, mengine yakifika kilomita za mraba milioni 2.7, zaidi ya mara nne ya Kenya nzima.

"Na Kenya je?" nikamuuliza.

Akatoa tawi lingine. Lilitoka Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi. "Huu ni Brachystegia spiciformis. Watu wa Pwani wanauita mrihi. Unaota kwenye mchanga mweupe. Mti ni ule ule wa Tabora, lakini majirani zake ni miti ya pwani, na mvua zake si zile za msimu mmoja. Kwa hiyo wengi wanauhesabu na misitu ya pwani." Niliandika: mti mmoja peke yake haufanyi miombo.

Jioni nilipita Ngong Road kwa fundi seremala aliyenitengenezea meza ya kazi. Nilimwambia nakwenda Tabora. Akapiga meza iliyokuwa mbele yake kofi la kirafiki. "Hii mbao ni mninga. Inatoka huko huko. Miaka ishirini naipasua, lakini huo mti wenyewe sijawahi kuuona umesimama. Niletee picha."

*Kwa atakayefuata:* beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kadi niliulizwa. Safiri mwishoni mwa Septemba au mwanzoni mwa Oktoba kama unataka kuona majani mapya, na nitaeleza kwa nini.

Siku ya 1, Alhamisi 26 Septemba 2024: Nairobi – Namanga – Arusha

Basi liliondoka River Road saa moja asubuhi badala ya saa kumi na mbili. Nauli KSh 2,000. Kitengela palikuwa na msongamano, kisha Kajiado ikapita haraka. Nilikaa dirishani nikihesabu miti kwa macho mapya: migunga, migunga, mwarobaini penye nyumba, migunga tena. Ndiyo nyika hiyo, nzuri kwa mbuzi na kwa twiga, na haihitaji kuazima jina la miti ya mbali.

Namanga sasa ni kituo kimoja cha pamoja, unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ndani ya jengo moja. Dakika arobaini. Nilibadilisha pesa kwenye duka lenye leseni, shilingi yetu moja ikanipa karibu 20 za kwao. Vijana walio nje hutoa bei tamu kidogo. Mama aliyekaa nami alinishika mkono akasema, "Mwanangu, hesabu pesa ndani, si barabarani." Nikamsikiliza.

Nililala Arusha karibu na stendi, TSh 25,000, kitanda safi, maji ya moto hadi saa tatu usiku.

Siku ya 2, Ijumaa 27 Septemba: Arusha – Singida – Tabora

Saa kumi na mbili kamili tuliondoka. Nauli TSh 45,000. Mlima Hanang ulijitokeza karibu na Katesh, umevaa wingu kichwani. Singida tulipewa dakika ishirini za chakula, nami nikala kuku wa kienyeji na ugali kwa TSh 7,000. Kuku wa Singida wanasifiwa nchi nzima, na sifa hiyo ni halali.

Baada ya Singida barabara inashuka mteremko wa Sekenke, unajikuta kwenye tambarare ya Wembere, kavu na pana, migunga mifupi hadi upeo wa macho. Hapo, tukiwa bado hatujafika Igunga, basi likaanza kutoa moshi. Mpira wa kupozea injini ulipasuka. Kondakta akatuambia nusu saa. Tulikaa saa tatu na nusu.

Nawakumbuka wale watu kuliko ninavyoikumbuka hasira. Mama mmoja alitandika khanga chini ya kivuli cha basi, akaniita, "Njoo dada, utaungua." Alikuwa anapeleka vyakula kwa binti yake aliyejifungua Nzega. Akafungua mfuko na kunipa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi. Unavitafuna polepole na utamu unakuja mwisho. Mfuko wa pili ulikuwa na michembe, viazi vinavyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa. "Hii usile hivi, mpaka uchemshe na karanga," akanionya.

Mzee mmoja dereva wa lori, ambaye lori lake liko gereji Tabora, alisikia ninakwenda kutafuta miombo. Ameendesha njia ya Mpanda, Sumbawanga hadi Zambia kwa miaka mingi. "Kule Wabemba nao wanasema hivyo hivyo," akasema. "Mmoja muombo, ikiwa mingi miombo. Mvua ikinyesha utaona akina mama wanauza uyoga kando ya barabara, mmoja mkubwa kama mwavuli wa mtoto." Nilifurahi kama mtu aliyekutana na ndugu wa mbali. Neno lile lile, umoja wake na wingi wake, katika lugha ya Kibantu ambayo mimi siijui, mamia ya kilomita kutoka hapa.

Giza liliingia tukiwa Nzega, kwa hiyo mwanzo wa mapori ya miombo ulinipita usiku. Nilichokipata ni harufu: dirisha lilikuwa wazi, na baada ya Nzega hewa ikageuka, vumbi likapungua, ikaja harufu ya majani na moshi wa mbali. Tabora tulifika saa tano usiku. Bodaboda hadi nyumba ya wageni TSh 2,000.

*Kwa atakayefuata:* usipange jambo lolote usiku ule wa kufika. Na beba maji lita tatu, si chupa ndogo.

Siku ya 3 na ya 4, Jumamosi na Jumapili: Tabora mjini

Hapa nilikosea hesabu ya siku. Kuingia kwenye hifadhi ya msitu kunahitaji kibali cha wakala wa misitu, na ofisi ilikuwa imefungwa hadi Jumatatu. Siku mbili za kusubiri, basi, na sikuzijutia.

Tabora ni mji wa miembe. Ilipandwa zamani za misafara ya pwani, imekuwa minene, na chini yake watu wanauza, wanacheza bao, wananyoa. Njia ya misafara hiyo kwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ilipita hapa. Reli ya kati ilifika mwaka 1912. Jumapili nilichukua bodaboda hadi Kwihara, kwenye tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa, alilokaa Livingstone mwaka 1872 na Stanley akamwacha hapo. Makumbusho ni madogo, mlinzi ni mkarimu, na ukuta wa udongo unapooza hewa kweli. Nilichokitafuta mimi kilikuwa juu: boriti. Nilimuuliza mlinzi ni mti gani. Akasema za sasa zimebadilishwa, hawezi kuapa. Nilimheshimu kwa jibu hilo.

Jumamosi sokoni ndipo nilipopata somo la kwanza. Dada mmoja wa asali alikuwa na madumu matatu: ya dhahabu, ya kahawia, na moja jeusi kama molasi. Lita moja TSh 12,000. Nilimuuliza, "Hii ni asali ya miombo?"

Akanitazama kidogo. "Miombo gani, dada? Hii nyeupe nyeupe ni ya mtundu. Hii nyekundu ni ya mapema, maua mengine. Muyombo nao una asali yake, lakini sina leo."

Nilinunua lita ya mtundu nikaenda kukaa chini ya mwembe kuandika. Kwangu miombo lilikuwa blanketi. Kwake lilikuwa wingi wa mti mmoja, uliosimama na majirani wenye majina. Nililiuliza neno hilo mara nyingine tano siku ile, kwa muuza kamba, kwa wauza mbao, kwa mwanafunzi wa chuo cha ufugaji nyuki kilichoko hapo mjini. Yule mwanafunzi peke yake ndiye aliyesema "misitu ya miombo" bila kusita, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofundishwa. Wengine wote walisema "pori" wakimaanisha mahali, na wakataja mti wakimaanisha mti.

*Kwa atakayetoka Nairobi:* irudishe shikamoo mdomoni kabla ya kuvuka Namanga. Kule huanzi na swali. Unaamkia, unaulizwa za utokako, unaulizwa kama umekula, ndipo unauliza. Nilipopunguza haraka majibu yalirefuka.

Siku ya 5, Jumatatu 30 Septemba: Tabora – Sikonge

Kibali kilichukua asubuhi nzima. Ofisa aliniuliza kwa nini Mkenya anataka kuona miti, nikamwonyesha ile sentensi ya kitabu. Aliisoma, akamwita mwenzake, wakaisoma pamoja. "Makueni?" mwenzake akasema. Kibali kikatoka, pamoja na jina la kijiji na maelekezo ya kwa mzee wa kikundi cha wafuga nyuki.

Daladala kwenda Sikonge ilichukua kama saa moja na nusu, lami tupu, nikalipa TSh 5,000. Na hapo, mchana kweupe, nikaiona.

Nisemeje? Nilitarajia ukavu. Mvua ya mwisho ilinyesha mwezi wa nne. Nyasi zilikuwa zimechomeka, ardhi kijivu, vichuguu vimesimama kama nyumba zilizohamwa. Lakini juu yake miti ilikuwa imevaa majani mapya, na hayakuwa ya kijani. Yalikuwa mekundu, ya rangi ya shaba, ya rangi ya divai, mengine ya waridi, kilima kizima, jua likiyapenya. Nilimwomba kondakta tusimame nipige picha. Abiria hawakulalamika hata mmoja. Baba mmoja akasema, "Subiri wiki mbili utakuta kijani. Umekuja siku zake."

Miti hii haingoji mvua kuchipua. Inaitangulia kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ile kauli ya kitabu kwamba "hupukutisha majani wakati wa kiangazi" ni nusu ya habari. Hupukutisha, kisha huvaa upya kiangazi kikiwa bado kikali.

Siku ya 6, Jumanne 1 Oktoba: porini

Mzee wa nyuki alinipokea saa kumi na mbili asubuhi kwa uji wa ulezi. Ana miaka sabini na kitu, miguu yake inatembea kuliko yangu. Mkewe alinikagua nguo. "Hiyo bluu vua, mwanangu. Ndorobo wataipenda." Akanipa shati la mumewe la rangi ya khaki. Ndorobo, ambao wengine huwaita mbung'o, huvutwa na bluu na nyeusi. Waliniuma mara nne hata hivyo, kupitia soksi.

Tulitembea saa mbili kabla sijauliza swali langu. Nikasema, "Mzee, nionyeshe miombo."

"Miombo ipi?" akauliza, kama yule dada wa sokoni. Kisha akaona uso wangu, akacheka kwa upole. "Njoo. Tuanze na majani."

Alichuma tawi la kwanza. "Hesabu vijani." Jozi nne, na jozi ya mwisho, ya kwenye ncha, kubwa kuliko zote. "Huo mtundu." Ndio ule mrihi wa Arabuko-Sokoke, tawi la Museum Hill likiwa hai. Tawi la pili: jozi sita, lakini kubwa ni zile za katikati, na maganda ya mbegu ya kahawia yenye manyoya laini yamekaa juu ya majani kama yamewekwa kwa mkono. "Muba." Ndio Julbernardia. Kisha akanipeleka kwenye mti mfupi kidogo, matawi yametanuka, jani lake refu lenye vijani vyembamba vingi, zaidi ya jozi ishirini, kama unyoya wa ndege.

"Sasa huu," akaweka kiganja kwenye gome, "ndio muyombo. Ikiwa miwili mitatu hivi, ndiyo miyombo. Ninyi wasomi mkaona huu mmoja mkaupa pori zima jina lake."

Hakusema kwa kulalamika. Akachukua kisu, akabambua utepe mwembamba kutoka kwenye tawi, akausokota pajani, na baada ya dakika mbili akanipa kamba ya urefu wa mkono. Nilivuta kwa nguvu zangu zote. Haikukatika. Kwa kamba za gome la muyombo wamefunga nyumba, mizigo, vitanda na mizinga tangu enzi ambazo hakuna anayezikumbuka. Nikaelewa kwa nini mti huu ndio uliotoa jina. Mtu anakumbuka kwanza kile kinachomfungia mzigo.

Tulikaa. Kimya cha pori kilikatizwa na mlio, tap, kama mtu amevunja kijiti. Kisha mwingine. Nikageuka. "Ni maganda," mzee akasema. Maganda ya mbegu hukauka, hujikunja, hupasuka ghafla na kuzirusha mbegu mbali. Mchana jua linapokolea yanapasuka huku na huku, ukifumba macho unadhani pori linazungumza.

Mizinga yake inaning'inia juu, ya magogo, mbali na nyegere. Zamani walitumia mizinga ya gome: unalibambua gome la mti mzima kwa mzunguko, unalikunja, unapata mzinga siku moja. Mti unakufa. "Baba yangu alifanya hivyo, nami nilifanya," akasema. "Mzinga mmoja, mti mmoja. Pori lilikuwa kubwa tukadhani halina mwisho." Sasa anachonga magogo ya miti iliyoanguka na ana mizinga michache ya mbao. Kuhusu moto alikuwa mkali zaidi. Moto wa mapema, mwezi wa tano au wa sita nyasi zikiwa bado na unyevu, unapita chini na kuacha miti. Moto wa sasa hivi, wa Septemba na Oktoba, unapanda, unaua machipukizi, unaunguza maua ambayo nyuki wanayangoja.

Nilimuuliza kuhusu uyoga niliosimuliwa na dereva. Akachimba kwa kidole chini ya mtundu, akanionyesha vimizizi vyembamba vilivyovikwa utando mweupeupe. "Mvua ya kwanza, uyoga unatoka hapa. Ukikata mtundu, uyoga wake nao haurudi." Kule Museum Hill nilikuwa nimeelezwa jambo hilo hilo kwa njia nyingine: udongo wa miombo ni maskini, na miti hii hukopa chakula kupitia kuvu wanaoivika mizizi yake, kuvu wanampa mti madini, mti unawapa sukari. Wawili hawa hawajawahi kuonana, na waliniambia kitu kimoja.

Jioni mkewe alipika ugali wa mahindi na mlenda, na uyoga mkavu wa mwaka jana uliopikwa kwa karanga. Nilikula mpaka nikaona haya. Walikataa pesa. Niliacha TSh 30,000 kwenye mfuko wa kikundi chao, jambo ambalo ofisa wa Tabora alinishauri, na hilo walilipokea.

*Kwa atakayefuata:* usiingie bila mwenyeji. Vaa khaki au rangi ya udongo, suruali ndefu. Usichume majani au mbegu za kuvuka nazo mpaka, hilo linahitaji cheti cha afya ya mimea. Piga picha: jani zima likiwa juu ya kiganja, gome, na mti mzima.

Siku ya 7, Jumatano 2 Oktoba

Mzee alinipeleka upande wa pili wa kijiji, ambako sikupiga picha nyingi. Mashamba ya tumbaku, na mabani ya kukaushia. Kukausha tumbaku kwa moto kunakula kuni nyingi, na kuni ni hii miti. Kando ya barabara magunia ya mkaa, wenyewe wanasema mkaa, si makaa kama sisi. Nikafikiria dada wa asali na madumu yake.

Lakini kulikuwa pia na shamba lililoachwa. Visiki vyote vilikuwa vimechipua, vichipukizi vimenipita urefu, vyekundu. Miti hii inajua kurudi kutoka kwenye mizizi, mradi jembe na moto viipishe. Mzee aliwahi kulima hapo. "Hapa pamepumzika miaka kumi na mbili," akasema, akavuta tawi na kuhesabu vijani kwa mazoea. Mtundu.

Kabla hatujageuka aliniita pembeni. Mti uliosimama peke yake, gome lenye mipasuko ya miraba, matunda ya duara yenye ukingo mpana mwembamba na katikati pana miiba. "Mninga," akasema. Alikwaruza gome kidogo, utomvu mwekundu ukatoka, ukatiririka polepole kama damu. Nilipiga picha sita.

Siku ya 8 hadi ya 10, 3–5 Oktoba

Sikonge, Tabora, Arusha, Namanga, Nairobi. Safari hii basi halikuharibika. Nilitia saini daftari la nyumba ya wageni Arusha nikalala saa kumi na moja mfululizo.

Nairobi, tangu nirudi

Sentensi ya kitabu sasa inasomeka hivi, muyombo wa mzee nikiuandika myombo: "Misitu ya miombo imepewa jina la mti uitwao myombo. Ndani yake, myombo husimama pamoja na mitundu na miti mingine ya ukoo wake. Misitu hii iko Tanzania na nchi za kusini yake, ambako mvua hunyesha msimu mmoja kwa mwaka. Miti yake huchipua majani mekundu kabla ya mvua." Mhariri mkuu aliniuliza kama "myombo" haitawachanganya watoto. Nilimwambia watoto wanajua mwembe na miembe, watajua na huu. Kitui na Makueni nimezihamishia sura ya nyika, ambako zina mengi ya kusema zenyewe. Na mtu akiniuliza, nasema: andika misitu ya miombo ukimaanisha pori lote, miombo ukimaanisha miti, na usiliite kila pori kavu kwa jina hilo.

Jumamosi nilikwenda Ngong Road. Fundi alikuwa anapiga randa ubao, akasimamisha kazi, akajifuta vumbi mikononi kabla ya kushika simu. Aliitazama picha ya mninga muda mrefu. Akaikuza, akafuata mipasuko ya gome kwa kidole, akafika kwenye ule utomvu.

"Huu unachukua miaka mingapi kufika ubao wa meza?"

"Mingi. Mzee alisema aliyeupanda hautumii."

Akanyamaza. Kisha akasogeza picha pembeni, kwenye mti uliotokea nyuma, wenye majani ya rangi ya shaba.

"Na huu wa jirani yake?"

"Mtundu."

"Na ule mfupi kule?"

Nikaikuza zaidi, tukainama wote wawili, tukaanza kuhesabu vijani.